Jibu Alilolikata Mkasi

Viti vya ukumbi wa maktaba vilikuwa vya chuma, vizito kama maneno ya mawifi, na mkutubi alikwisha kuonya kwamba asisikie hata kimoja kikiburutwa sakafuni. Kwa hiyo walivibeba. Bi Kumbe kutoka upande wa mlango, Mkasi kutoka upande wa dirisha, wakipishana katikati ya ukumbi kama sisimizi wawili walionuniana: kila mmoja na mzigo wake, hakuna anayemtazama mwenzake, na bado njia ni moja.

Majina hayo hawakupewa na wazazi. Yeye alibatizwa Bi Kumbe na wasikilizaji wa podikasti yao, kwa sababu mgeni akifika pale hadithi inapokolea, Bi Kumbe hushusha pumzi na kusema "kumbe" polepole, kama mtu anayetua ndoo kichwani. Kuna watu waliofungulia kipindi kuisubiri hiyo kumbe tu. Na mwenzake aliitwa Mkasi kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata. Mgeni akikohoa, Mkasi anakata. Akipata kigugumizi, anakata. Mbwa wa jirani akichangia mada, anakatwa naye. Mtu anaingia katika chumba chao kidogo cha kurekodia na maneno yaliyopinda kama misumari iliyong'olewa, anatoka hewani amenyooka kama hakimu, mpaka mkewe nyumbani anauliza ni nani huyo.

Kesho wasimulizi wao wangesimulia ana kwa ana kwa mara ya kwanza, mbele ya mtaa mzima, katika mkutano walioupa jina la Siku ya Hadithi. Wiki nzima wawili hawa walikuwa wamepiga simu, wamebandika matangazo, wamebembeleza spika za kuazima. Usingizi walikuwa wanauonja tu. Lakini uchovu uliomkaa Bi Kumbe haukuletwa na spika. Keshokutwa, Jumapili, wazee wa mfamasia wa mtaani walikuwa wanakuja kwao nyumbani kusikia jibu la posa, na jibu lenyewe alikuwa hana.

"Unaviweka karibu mno," Mkasi alisema.

"Watu wa hadithi hukaa karibu."

"Maiki itaokota magoti yao yakigongana."

"Basi na magoti yasimulie. Nayo yameona mengi."

Siku nyingine angecheka. Mkasi alikuwa na kicheko cha kuchelewa, kinachofika baada ya wengine kumaliza, na Bi Kumbe alikwisha kuzoea kukisubiri. Leo Mkasi alikisogeza kiti nyuma kidogo, akapiga magoti kufunga waya chini ya meza.

Hapo ndipo alipoingia mama mdogo. Mama mdogo wa Bi Kumbe hakuwa mtu wa kubisha hodi; mkoba wake ulitangulia, manukato yakafuata, kisha yeye.

"Shikamoo, mama," sauti ilitoka chini ya meza.

"Marahaba. Kumbe uko huko? Nilidhani ni waya." Akamgeukia mpwa wake. "Njoo huku kando. Nina swali moja tu, halafu nakwenda zangu."

Walisimama karibu na rafu za magazeti. Mama mdogo alishusha sauti, ingawa sauti yake ikishushwa hubaki ghorofani.

"Nimwambie mjomba wako aje Jumapili, au asije?"

"Mjomba anaingiaje hapa?"

"Anaingia kwa mlango. Mjomba akiketi pale ni ndiyo, mwanangu. Hatumsumbui mjomba kwa labda."

"Mimi nilisema wageni waje, mama mdogo. Si nilisema?"

"Ulisema waje. Hukusema ndiyo."

"Kuna tofauti?"

Mama mdogo alitazama rafu ya magazeti kana kwamba anatafuta la siku fulani ya zamani. "Mimi nilisema waje," alisema. "Wakaja. Hakuna aliyeniuliza tena, na mimi nikaona aibu kuwakumbusha." Kisha akajitikisa, akarudi kuwa yeye. "Lakini wako ni mtu mwema. Duka lake la dawa liko pale kona, mikono misafi, akikuuliza umekula anasubiri umjibu. Mama yako analala vizuri tangu wiki ile posa ilipoletwa. Wewe unataka nini zaidi? Au unamsubiri huyo aliye chini ya meza?"

"Simsubiri mtu."

"Maana huyo hata salamu yake ina waya. Mwanamume anakaa na masikio yamezibwa toka asubuhi, anafuta kikohozi cha watu. Mtoto akilia atamfanya nini, atampunguza?"

"Mama mdogo."

"Nimenyamaza. Nipigie kabla jua halijazama uniambie habari ya mjomba."

Akaenda zake, na ukumbi ukabaki na manukato.

Bi Kumbe alibaki amesimama pale. Simsubiri mtu, alikuwa amesema, na kwa mara ya kwanza haikuwa uongo. Alikuwa amekwisha kusubiri. Alisubiri mpaka kusubiri kwenyewe kukamchoka.

Ilikuwa hivi. Miezi michache nyuma walimwalika kipindini Bibi wa Miavuli, yule anayetengeneza miavuli iliyovunjika karibu na kituo cha polisi. Siku hiyo Mkasi alikuwa na mafua. Alitega maiki, akabonyeza mtambo, akatoka kukaa nje ili chafya zake zisiharibu kazi. Katikati ya mazungumzo, bibi akamgeuzia Bi Kumbe swali: na wewe mwanangu, moyoni mwako yuko nani? Bi Kumbe alitazama kiti kitupu cha Mkasi. Akawaza kwamba kesho yake huyu mtu atakaa hapo na hedifoni masikioni, peke yake, na hatasikia kitu kingine duniani. Kusema mbele ya uso wake alishindwa mwaka mzima. Kuisemea maiki akaweza. Akamtaja.

Kipindi kilitoka. Swali halimo, jibu halimo. Muziki umepita juu yake kama zulia. Na Mkasi alipomwona alisema, "Kimetoka vizuri." Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu. Alisikia, akakata, akaendelea na kazi. Wiki ile ile mfamasia alileta habari za posa, na Bi Kumbe akasema waje. Mtu akichoka hukaa kwenye kiti cha kwanza anachopewa.

"Hodi humu, au mnasali?"

Bibi wa Miavuli alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti la mvua siku ya jua. Yeye ndiye angefungua mkutano kesho, na alikuja kujaribiwa sauti. Mkasi alimkalisha mbele, akamrekebishia maiki, akavaa hedifoni, macho kwenye kioo cha kompyuta ambako sauti huonekana kama milima na mabonde.

"Sema chochote, bibi."

"Chochote."

"Kirefu kidogo."

"Nitawasimulia mwanamume aliyeleta mwavuli wake kwangu mara saba kwa msimu mmoja. Mara ya kwanza ulivunjwa na upepo. Mara zilizobaki aliuvunja mwenyewe, nyuma ya ukuta, kwa goti. Nilimwona. Nikautengeneza kila mara, sikumwambia kitu. Nikajisemea, atakapochoka kuvunja atasema."

"Akasema?" Bi Kumbe aliuliza, licha ya uchovu.

"Nilimzalia watoto watano, sasa sijui kama aliwahi kusema." Bibi alicheka mwenyewe. "Sauti iko sawa? Kesho msinikate kama mlivyonikata siku ile."

"Tulipunguza kidogo tu, bibi," Mkasi alisema. "Kilikuwa kirefu."

"Urefu gani? Nilikusanya majirani wote. Nikawaambia tulieni, sasa hivi namuuliza huyu binti swali, na jibu lake ni tamu kuliko hadithi yangu. Tukatulia. Mara muziki. Nimeitwa mwongo mpaka leo." Alimgeukia Mkasi, akamtazama vizuri. "Hata wewe mwenyewe hukuona vibaya kulitupa? Jibu lile, na wewe ndiye mwenye nalo?"

Mkasi alivua hedifoni. Taratibu, sikio moja, kisha la pili.

"Mwenye nalo kivipi?"

Bibi alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, kisha akavifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja.

"Mimi naenda kumsumbua mkutubi anionyeshe vitabu vyenye picha," alisema. "Macho yangu hayaoni, itachukua muda."

Viatu vyake vilipotelea kwenye korido. Bi Kumbe alikishika kiti kilichokuwa karibu, si kwa kukibeba, kwa kujishikilia.

"Usijifanye hujui," alisema.

"Sijui."

"Mkasi. Ulikaa ukahariri. Ulisikia nilichosema, ukakikata, ukaniambia kimetoka vizuri. Sikukuuliza wakati ule na sikuulizi leo. Lakini usinitazame kama mtoto aliyeamshwa."

"Nilikikata. Sikukisikia."

"Unakataje usichokisikia?"

Mkasi aliutazama ule mkono wake wa kulia, kama ndiye mshitakiwa. "Nilisikia swali. Kisha kwenye kioo nikaona mstari umenyooka. Ulikaa kimya sana. Halafu sauti yako ikaanza, milima midogo midogo. Nakufahamu ukisema jambo la mzaha, inapanda. Ukisema la kweli inakuwa vile, midogo, imekaribiana. Nikajua unamtaja mtu." Akaushusha mkono. "Na mfamasia wiki hiyo alikuwa anakusubiri nje kila jioni na ule mwavuli wake mzima. Nikasema, jina lake sitalisikia kwa hedifoni, ndani kabisa ya kichwa changu. Nikashika kuanzia kwenye swali mpaka mwisho. Nikakata."

"Bila kusikiliza."

"Bila kusikiliza."

Bi Kumbe alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazikuta mlangoni upande wa nje. Hakikumfurahisha yeyote.

"Wewe," alisema. "Wewe uliyesikiliza kikohozi cha mji mzima. Umesikiliza milango, umesikiliza mbwa, umesikiliza tumbo la yule mwalimu mstaafu likinguruma, ukarudia mara tatu ili ulitoe bila kuumiza sentensi. Mimi nimesema kitu kimoja katika maisha yangu, ukaogopa."

"Nitakitafuta. Sasa hivi. Rekodi nzima iko..." Alisimama, mkono ukaelea juu ya kompyuta, ukabaki hapo. "Nilifuta rekodi zote za zamani jana. Nilitaka nafasi ya kesho."

"Umefuta."

"Nimefuta."

"Basi limekwenda."

"Sema tena."

"Sisemi."

"Tafadhali."

"Nimechoka, Mkasi." Alikaa hatimaye, kwenye kiti cha mstari wa mbele, akaegemea nyuma. "Sikuringii. Nimechoka tu. Lile nililibeba mwaka mzima, nikalitua, likatupwa na aliyepelekewa. Sina nguvu za kulibeba upya. Jumapili watu wanakuja, mama analala vizuri, na mama mdogo anataka kujua kama mjomba aitwe. Kama una neno, sema wewe. Kama huna, tubebe viti."

Mkasi alizunguka meza. Maiki ya bibi ilikuwa bado imesimama pale. Aliisogeza pembeni, akasimama mahali pake. Mtu huyu aliyenyoosha maneno ya mamia ya watu alifungua mdomo, na yake yakatoka yamepinda.

"Mimi... eeh. Tangu lini sijui. Naona kama... hapana. Ngoja, nianze upya."

"Hakuna kuanza upya. Endelea hapo hapo ulipokwama."

Alikohoa. "Watu wakija, pumzi zao nazitoa. Huwa zinasikika kabla ya sentensi, hhh, hivi. Zinachafua. Natoa za kila mtu." Alipangusa kiganja kwenye suruali. "Zako sijawahi. Tangu kipindi cha kwanza. Ziko zote. Kuna siku nilikuwa nimemaliza kazi, nikakaa tu nasikiliza pale unapotaka kusema halafu husemi. Nikajiambia nikitoa hata moja nitakuwa nimeiba. Nakupenda. Eeh. Ndivyo ilivyo. Sijui kulipanga."

Kwenye korido bibi alisikika akimwambia mkutubi kwamba picha ile ni ya tembo au ni ya waziri. Bi Kumbe alifumba macho. Alikuwa amelifikiria neno hilo kwa sauti nyingi, za taa, za muziki. Hakufikiria litafika hivi, limekwaruzika, na eeh pande zote mbili. Lilimwingia kifuani likakaa, bila kuuliza.

"Pumzi umeacha," alisema, "maneno umekata."

"Ndiyo."

"Mimi nakukasirikia. Nataka ujue hivyo. Nitakukasirikia muda mrefu, hata siku tutakazocheka."

"Sawa."

"Na sirudii kile nilichosema siku ile. Bibi alisikia. Nenda ukamuulize, umbebee na vijiti vyake vya miavuli."

Kikaja kile kicheko chake, kimechelewa kama kawaida, na Bi Kumbe akashangaa alivyokuwa amekikosa. Alinyoosha mkono ili avutwe. Mkasi alimvuta kutoka kitini, na mkono haukuachiwa upesi kama kazi ilivyohitaji.

"Twende wote kwenu," alisema.

"Hapana. Huko sihitaji fundi wa sauti."

Kwanza Bi Kumbe alipita kwa mfamasia. Alimkuta anamweleza mzee mmoja namna ya kumeza vidonge, akasubiri mpaka mzee ametoka. Aliposema alilolijia, mfamasia alipanga maboksi ya bandeji yaliyokuwa yamepangwa tayari.

"Ni yule wa mitambo?"

"Ni yeye."

"Amechelewa."

"Sana."

"Na bado."

"Na bado," Bi Kumbe alisema. "Hukunikosea kitu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Ningependa ningekuwa nimekukosea," mfamasia alisema. "Ingekuwa rahisi." Akamwambia wazee wake atazungumza nao yeye, na kwamba asisimame sana pale, wateja wataanza kudhani anaumwa.

Jua lilikuwa linapotea alipofika nyumbani, na simu ya mama mdogo hakuwa ameipiga. Hakukuwa na haja tena. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kile kiti kizuri, kofia gotini, mbele yake kikombe. Mama mdogo hakuwa mtu wa kusubiri simu. Mama yake alikuwa anafuta vumbi kwenye meza isiyo na vumbi.

"Haya, bibi harusi," mjomba alisema.

Angeweza kukaa kwanza. Angeweza kuomba maji. Lakini alijua akikaa hatainuka.

"Shikamoo, mjomba. Wageni hawaji. Nimetoka kwake sasa hivi, nimemwambia hapana, amepokea kiungwana kuliko nilivyostahili. Kuna mtu mwingine, na ndiye huyo huyo mnayemdhania. Nimechoka sana, mama, kwa hiyo nimesema yote mara moja."

Kitambaa cha mama kilisimama mezani. "Mimi sikukulazimisha," alisema polepole.

"Hukunilazimisha, mama. Nilijilazimisha, kwa sababu nilidhani sina pa kwenda."

"Huyo mwingine ana nini?" mjomba aliuliza.

"Ana masikio, mjomba."

"Kila mtu ana masikio."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Na anakuja lini? Au huyo ni wa hewani tu?"

"Jumapili. Nimemwachia ujumbe njiani. Atakuja mwenyewe."

"Ataletwa na nani?"

"Na mdomo wake. Ndiyo kwanza ameanza kuutumia, msimcheke."

Mjomba aliivaa kofia, akaivua, kama mtu asiyejua ameitwa kwenye sherehe au kwenye kesi. Mama alivuta pumzi, akaelekea jikoni, na vyombo vikasikika vikiwekwa chini kwa nguvu kidogo, kisha kwa nguvu pungufu. Hiyo ilikuwa kazi ya siku nyingi, Bi Kumbe alijua. Isingekwisha leo.

Mama mdogo alikuwa amesimama kando ya mlango, mkoba bado mkononi. Alikuwa anamtazama mpwa wake kwa muda, kwa macho ambayo Bi Kumbe hakuyafahamu. Kisha akamkalisha kitini, akavuta kingine, akaketi mbele yake, akapiga paja.

"Lete mguu."

"Mama mdogo, miguu ina vumbi."

"Lete mguu." Alimvua kiatu, akaanza kuukanda ule wayo kwa vidole vigumu, taratibu. "Nimekukasirikia, ujue. Mimi na mama yako tumehangaika. Nimemtoa mjomba wako kwake."

"Najua. Utaacha lini?"

"Sijui," mama mdogo alisema, bila kuinua uso. "Lete na huo mwingine."